Uwanja wa michezo wa mtaa kwa watoto wote: msikimbilie bembea, anzeni na ardhi

Nianze na kosa letu wenyewe ili nyie msilirudie. Tulichanga, tukanunua bembea na slaidi, fundi akachomelea, tukamwaga mchanga mweupe kila mahali, tukapaka rangi, siku ya kwanza watoto wamejaa hadi raha, alafu akaja mama mmoja na binti yake wa miaka minne kwenye wilichea. Wameingia getini tu, hatua mbili tatu, magurudumu ya mbele yakazama. Mama akasukuma, akavuta, akakigeuza kiti akakikokota kinyumenyume, wapi. Mwisho akakiegesha kwenye uzio, mtoto akakaa pale anaangalia wenzie kama dakika 20, wakaondoka na hawakurudi tena. Na kinachouma zaidi ni kwamba kwenye ile bembea tuliweka siti moja yenye mgongo na mkanda, maalum kwa watoto wasioweza kukaa wenyewe, tulikuwa tunajisifu nayo sana, sasa siti nzuri inasaidia nini kama iko ng'ambo ya mita 8 za mchanga?

Kwahiyo huu mwongozo nimeupanga vile ambavyo ningeanza leo, yaani pesa nyingi iende chini kwenye ardhi, njia na kivuli, vifaa vije mwishoni. Naongelea watoto wadogo, miaka 2 mpaka 6 hivi.

Hatua ya 1: Wajue watoto kabla ya kuchora chochote

Usianze na katalogi ya vifaa. Pita mtaani uongee na wazazi, na usiulize "mtoto wako ana ugonjwa gani", hilo halikusaidii kitu na linaudhi. Uliza anapenda nini, anachoka baada ya muda gani, anaogopa nini, akitaka kushuka kwenye kiti anashukaje, akikasirika anatulia wapi. Majibu ya maswali hayo ndio ramani yako. Utakuta mmoja ana mtindio wa ubongo na anapenda kuzungushwa kuliko kitu chochote duniani, mwingine ana usonji na makelele ya ghafla yanamchanganya ila kwenye maji anakaa saa nzima, kuna mwenye uoni hafifu, kuna kiziwi, kuna mwenye ualbino ambaye jua la saa sita ni adui yake kwa ngozi na kwa macho (na ule mchanga wetu mweupe ulikuwa unamrudishia mwanga usoni, hatukuwaza kabisa). Na kuna ambaye hana shida yoyote ila ni mwoga.

Wazazi nao ni watumiaji, watu wanasahau hili. Bibi mwenye mkongojo anayelea mjukuu, baba anayetumia wilichea ambaye mtoto wake mzima wa afya ameanguka na analia katikati ya uwanja, naye anatakiwa amfikie haraka kama mzazi mwingine yeyote.

Ukienda kuomba eneo, ofisi yoyote ile, usiende kama unaomba hisani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, kifungu cha 31, unasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza, na mkataba wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, kifungu cha 30, unasema watoto wenye ulemavu washiriki michezo na burudani sawa na wenzao. Viandike kwenye barua, mistari miwili inatosha.

Hatua ya 2: Eneo

Nenda mara tatu kwa siku moja, saa nne asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni, uangalie kivuli kinaangukia wapi. Alafu rudi siku mvua imenyesha, maana eneo linaloonekana tambarare kabisa linaweza kuwa bwawa. Miti mikubwa iliyopo usikate, kivuli cha mti huwezi kukinunua dukani. Ila angalia mimea yenyewe, miiba iondoke, na mbarika ing'olewe kabisa kwasababu mbegu zake ni sumu kali na zinavutia, mtoto wa miaka miwili anaweka kila kitu mdomoni.

Eneo liwe mbali na barabara, na choo kiwe karibu, kwenye choo weka benchi pana la kumlaza mtoto wa miaka 5 au 6 ambaye bado anavaa nepi. Wazazi wengi wa watoto wenye ulemavu wanaondoka mapema sio kwasababu mtoto amechoka, ni kwasababu hakuna pa kumbadilishia zaidi ya chini sakafuni.

Hatua ya 3: Geti na njia

Geti liwe moja, au mawili kwa lazima, lisiwe na ngazi wala kizingiti, upana angalau sentimita 90, lijifunge lenyewe, na komeo liwe juu mkono wa mtoto usikofika. Uzio uzunguke eneo lote. Najua kuna wanaosema uzio unafanya uwanja uonekane kama jela, lakini muulize mzazi mwenye mtoto anayechomoka mbio bila kuangalia nyuma atakwambia uzio ndio kitu cha kwanza anachotafuta, bila uzio yeye hakai hata kwenye benchi dakika moja.

Kutoka getini, njia ngumu iliyosawazishwa mpaka kwenye KILA mchezo, sio mpaka kwenye mchezo mmoja "wao". Upana mita 1.5, hapo wilichea inageuka duara zima na mtu mwingine anapita. Mwinuko usizidi sentimita 1 kwa kila sentimita 16 za njia pale chini ardhini, na kwenye rampu ya kupanda jukwaa usizidi 1 kwa 12. Maana yake jukwaa la sentimita 50 linataka rampu ya mita 6. Mafundi wengi ukiwaachia wanapiga rampu ya mita 2 kwa jukwaa hilo hilo wanakwambia "mbona inatosha", haitoshi, hiyo ni slaidi. Pima mwenyewe na tepu.

Hatua ya 4: Chini, ndio roho ya uwanja

Hapa kaeni sana. Sakafu ya uwanja inabidi ifanye kazi mbili zinazogombana, iwe laini mtoto akianguka asiumie kichwa, na iwe ngumu magurudumu na magongo yasizame. Zege na lami zinafaa kwenye njia tu, usiziweke kabisa chini ya kitu cha kupanda. Udongo na nyasi watu wanaona ni laini lakini zikikanyagwa miezi mitatu zinakuwa kama matofali, kwahiyo nazo hazihesabiki.

Mchanga unapokea maanguko vizuri kiasi, mwongozo wa usalama wa viwanja wa Marekani unasema mchanga wa kina cha inchi 9, kama sentimita 23, unatosha kwa anguko la mpaka futi 4 hivi, kama mita 1.2. Vipande vya mbao vya kina hicho hicho vinafika futi 10, kama mita 3. Lakini vitu vyote vya kumwaga vinashindiliwa na miguu, kwahiyo ukitaka ubaki na sentimita 23 mwaga 30, na chini ya bembea na mwisho wa slaidi watoto wanachimba shimo kwa miguu kila siku bila kukusudia. Na wilichea kwenye mchanga ndio hivyo nimeshakwambia.

Mpira unaomwagwa ukaganda, au vigae vya mpira, unafanya kazi zote mbili na ndio bora, ila ni ghali na ukiwa na rangi nyeusi kwenye jua unaunguza nyayo. Kuna pia nyuzi za mbao zilizosagwa maalum kwa viwanja, zikishindiliwa zinashikana na magurudumu yanapita, lakini zinataka kusawazishwa mara kwa mara, sio vumbi la mbao la kwa seremala msichanganye.

Kama pesa haitoshi, na mara nyingi haitoshi, changanyeni. Njia ngumu inafika mpaka ukingoni mwa kila mchezo, mpira unawekwa pale mtoto anaposhukia na kupandia na chini ya bembea ile yenye mgongo, sehemu nyingine mchanga au vipande vya mbao vikizuiwa na ukingo. Sisi tulivyorekebisha ndio tulifanya hivi, tukachota mchanga wote tukaurudisha kwenye kona moja tu ya kuchimba.

Jaribio ni rahisi, usimuulize fundi. Azima wilichea, mtu akae, mwingine asukume kutoka getini mpaka kila kifaa. Alafu mwenye kukaa ajisukume mwenyewe kwa mikono. Pale atakapotukana ndio pa kurekebisha.

Hatua ya 5: Sasa vifaa

Usihesabu vifaa, hesabu raha. Watoto wanatafuta nini uwanjani? Kubembea, kuteleza, kuzunguka, kupanda, kuchimba, kupiga kelele kwa vitu, kujificha. Kwa kila raha jiulize, mtoto asiyetembea anaipataje, asiyeona anaipataje, na akiwa anaipata yuko pembeni ya nani? Hilo swali la mwisho ndio linaachwa. Mtoto mdogo anaanza urafiki kwa kucheza kandokando na mwenzie kila mtu na lake, mtafiti Mildred Parten aliliandika hili mwaka 1932 alipowachunguza watoto wa chekechea, na alihesabu hata kutazama wenzio kuwa ni hatua mojawapo ya kucheza. Kwahiyo weka vitu vya wawili wawili.

Bembea: fremu moja isizidi siti mbili, moja ya kawaida na moja yenye mgongo, pamoja, usiitenge ile ya mgongo ikakaa kivyake kule nyuma. Kati ya siti na siti sentimita 60, kati ya siti na nguzo 75 hivi. Ukiweza ongeza kapu la duara, lile la kamba ambalo watoto wanalala wawili watatu, hili kwangu ndio kifaa bora kuliko vyote maana asiyeweza kukaa analala, mwoga anashikwa, mbabe anasimama, wote kapu moja. Kuna bembea za kuingiza wilichea nzima na kuifunga. Mimi sio shabiki sana kwa watoto wadogo, ni nzito, inabidi ikae ndani ya uzio wake na kufuli, mwisho mtoto anabembea peke yake watu wanamwangalia. Mtoto wa miaka minne unambeba unamweka kwenye kapu basi.

Slaidi: badala ya kununua mnara wenye ngazi, jengeni kilima cha udongo ulioshindiliwa mlaze slaidi juu yake. Kilima cha sentimita 80 kinataka njia ya kuzunguka kama mita 13 kwa ule mwinuko wa 1 kwa 16, inapinda pinda taratibu, watoto wa baiskeli wanaipenda kuliko slaidi yenyewe. Upande mwingine wanapanda kwa kutambaa kwenye nyasi au kwa kamba. Akianguka anabiringika hadondoki. Slaidi iwe pana ya kukaa wawili, mzazi na mtoto. Juu weka benchi la kuhamia lenye urefu wa kati ya sentimita 28 na 45 kutoka chini, hapo mtoto anatoka kwenye kiti anajiburuza mwenyewe, na lazima pawe na sehemu ya kuegesha wilichea, alafu mtu aishushe chini imsubiri, maana akiteleza kiti kinabaki juu! Dogo sana hilo lakini tumeona mtoto amekaa mwisho wa slaidi anasubiri kama mtu aliyeachwa na basi.

Jambo lingine la slaidi wengi hawalijui: za plastiki zinatengeneza umeme tuli, ule wa nywele kusimama, na mtoto aliyepandikizwa kifaa cha kusikia cha koklea (kile cha ndani ya sikio, chenye sehemu nyingine inayovaliwa nje) unaweza kumharibia mipangilio ya kile kifaa cha nje. Wazazi wake huwa wanakivua kabla hajateleza, maana yake anateleza hasikii. Slaidi ya chuma cha pua au ya zege iliyosuguliwa haina hilo tatizo, ila chuma lazima kiwe kivulini, hakuna mjadala.

Kuzunguka: kile kibao cha duara kiwe usawa mmoja na ardhi, wilichea inaingia bila kunyanyuliwa, wengine wanakaa kwenye viti vya pembeni. Kiwe na kikomo cha mwendo.

Kuchimba na maji: meza ya mchanga iliyonyanyuliwa yenye nafasi ya magoti chini kama sentimita 61, na pembeni yake, sentimita chache tu, shimo la mchanga la chini, ili wa juu na wa chini wanamwagiana. Muziki: mabomba ya urefu tofauti, sufuria zilizopinduliwa, ngoma, yafungwe chini yafikiwe na aliyekaa. Msiyaweke karibu na kona ya utulivu jamani.

Kona ya utulivu ni nini? Kijumba kidogo, kichaka kilichokatwa ndani kama pango, bomba kubwa la zege lenye mto ndani, sehemu mtoto anaingia akizidiwa na kelele, anaona nje lakini haonwi sana, ila mzazi anamwona. Iwe pembeni ya mchezo sio nje ya uwanja. Mlango upana wa wilichea.

Wala usidhani haya yote yanataka mashine za gharama. Mbunifu Aldo van Eyck kuanzia 1947 alitengeneza viwanja zaidi ya 700 Amsterdam, vingi kwenye nafasi tupu za mjini, kwa vitu vichache tu, shimo la mchanga, mawe ya kurukia, vyuma vya kupanda. Alichokuwa nacho ni jicho la mahali.

Hatua ya 6: Macho, masikio, maneno

Kingo zote, mwanzo wa rampu, mwanzo wa eneo la bembea, paka rangi inayopingana na ya chini, njano kwenye kijivu inaonekana vizuri. Na badilisha pia kinachokanyagwa, mfano mstari wa vijiwe vidogo vilivyojengewa, mguu wa asiyeona ujue hapa bembea inapita. Kwa viziwi ondoa kona zisizoonekana, mabenchi yapange nusu duara watu waonane mikono, wasikae mstari kama kituo cha daladala.

Na pale katikati simika ubao wa picha kwa urefu wa macho ya mtoto aliyekaa, picha kubwa kubwa: nataka, sitaki, tena, basi, zamu yangu, choo, maji, inauma. Mtoto asiyeongea anagusa. Baada ya wiki mbili wanaoongea nao wanautumia, hasa ile ya "zamu yangu", wanaipiga kofi kabisa.

Hatua ya 7: Pima usalama kabla ya kufungua

Kuzunguka kila kifaa cha kupanda acha wazi sentimita 180. Mbele na nyuma ya bembea acha mara mbili ya urefu wa mahali ilipofungwa, yaani imefungwa mita 2 juu, mita 4 mbele na 4 nyuma.

Matundu: nafasi yoyote iliyozungukwa pande zote yenye upana kati ya sentimita 9 na 23 ni mtego, mwili unapita kichwa kinabaki. Pita na vipande viwili vya ubao vya vipimo hivyo kwenye kila ngazi na kila uzio.

Misingi ya zege ya nguzo ifukiwe chini kabisa isichungulie. Bolti zote ziwe na vifuniko. Kulabu za bembea zibanwe mpaka kadi ngumu isipite. Mbao za zamani zilizopigwa dawa kwa ajili ya kuzuia mchwa msizitumie kama hamjui dawa gani, nyingine zina aseniki, na rangi iwe isiyo na madini ya risasi. Matairi chakavu ni mazuri na ya bure ila angalieni nyaya zisiwe zimechomoza, na toboeni matundu chini maji yatoke, bila hivyo mnafuga mbu. Kamba za kofia na za shingoni watoto wavue kabla ya slaidi, weka picha getini. Na saa saba mchana weka mgongo wa mkono wako kwenye slaidi, siti na mpira wa chini, ukishindwa kuhesabu mpaka 5 bila kuutoa hapo kunahitaji turubai.

Hatua ya 8: Fungua kimya kimya

Msifanye sherehe siku ya kwanza. Wiki ya kwanza alikeni familia chache, zile mlizoongea nazo hatua ya 1, mkae pembeni mtazame bila kuelekeza. Nani amekaa muda mrefu peke yake? Mzazi gani ananyanyua mtoto mara kwa mara, na sehemu gani? Watoto wanapitia wapi ambapo hamkujenga njia? Andikeni, rekebisheni, ndio mtaa mzima uje. Sisi wiki hiyo tuligundua geti linajifunga kwa kasi linampiga mtu wa wilichea kisigino, na kwamba kwenye meza ya mchanga bomba la maji lilikuwa upande ambao mkono wa aliyekaa haufiki.

Alafu gawaneni zamu. Kila jumamosi asubuhi watu wawili na reki: kurudisha mchanga kwenye mashimo ya chini ya bembea, kufagia mchanga uliohamia njiani kwasababu sentimita 2 tu za mchanga juu ya zege zinatosha kuteleza gongo, kuangalia vipande vya vioo na kinyesi cha paka kwenye shimo la mchanga (lifunikwe usiku). Mara moja kwa mwezi mtu mwenye spana anapita kila bolti, anavuta kila mnyororo kwa uzito wake wote, na anasukuma ile wilichea ya kuazima kutoka getini mpaka kule mwisho kwenye kapu.